Je, filamu ya kutekwa na viumbe wa angani ni kisa cha kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulitazama filamu ya gharama ndogo kuhusu mama anayechukuliwa usiku na viumbe wa sayari nyingine. Inadai kuwa ni kisa cha kweli, na mdogo wangu sasa anaogopa kulala. Je, tuiamini? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ndugu msomaji, dai hilo ni sehemu ya usanii wenyewe, kwani mtayarishaji asiye na fedha za kuunda chombo cha angani hutegemea giza, sauti na mashaka ya mtazamaji. Masimulizi haya yalivuma baada ya Betty na Barney Hill, mke na mume wa New Hampshire, Marekani, kudai kwamba walitekwa Septemba 1961. Daktari Benjamin Simon, aliyewahoji mwaka 1964 kwa hipnosi (kumtia mtu katika hali kama ya usingizi ili asimulie anayoyakumbuka), aliona kwamba kisa hicho kilitokana na ndoto za Betty. Watafiti huhusisha masimulizi mengi ya namna hii na jinamizi: akili huamka ilhali mwili bado umelegea, na mtu huhisi kwamba kuna kiumbe chumbani. Tafadhali, mdogo wako asichekwe. Mweleze hayo mchana, naye alale kwa ubavu, kwa kuwa jinamizi huwapata zaidi wanaolala chali.