Uliza Fundi: Pampu iko kulia, ramani inasema kushoto

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nasimamia stoo ya vifaa hospitalini, pampu za dripu, viti vya magurudumu na kadhalika, na siku nzima ilikuwa inaishia kutafuta kitu kiko wodi gani. Tukafungiwa mfumo wa UWB (mawimbi ya redio yanayoonyesha kitu kilipo), kila kifaa kina tegi, kidude kinachotuma mawimbi, na vituo vya kupokea mawimbi viko vitatu, vimepangwa kwenye dari ya korido. Tuliambiwa usahihi wake ni sentimita 30 hivi, sasa mbona pampu naikuta chumba cha kulia na skrini inaonyesha cha kushoto? Tegi ni mbovu au tuliuziwa mbuzi kwenye gunia? Na manesi wanauliza kama haya mawimbi yataingilia mashine zao.

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na mizunguko. Tegi usizitupe, jibu umelitaja mwenyewe bila kujua, uliposema vituo viko vitatu KWENYE KORIDO. Nina hakika vimefungwa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Iko hivi. UWB inapima muda ambao wimbi linatumia kutoka kwenye tegi hadi kwenye kituo. Wimbi la redio linakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja (sekunde igawe mara bilioni), yani ukikosea nanosekunde moja tu umeshakosea rula nzima, ndo maana inatuma mipigo mifupi sana, kama nanosekunde mbili hivi, ili saa ijue kabisa wimbi limefika lini. Bluetooth ya kawaida inakisia umbali kwa nguvu ya mawimbi, mtu akisimama mbele tu hesabu inavurugika, kwa hiyo mara nyingi inakosea kwa mita kadhaa.

Sasa fanya hivi kwenye karatasi, itakuchukua dakika mbili. Weka nukta tatu kwenye mstari mmoja, hivyo ndo vituo vyako. Weka nukta ya pampu upande wa kulia, halafu chukua bikari uchore duara kutoka kila kituo, duara lipite kwenye hiyo pampu. Utaona yanakutana kwenye pampu kweli, lakini yanakutana tena upande wa kushoto, palepale sawasawa kama kwenye kioo! Umbali wote ni sahihi ila hesabu haina namna ya kujua ni upande upi, inachagua mmoja, na ukiongeza kituo cha nne kwenye mstari huohuo umeongeza gharama tu. Mi hili linaniuma kwa sababu watu wanalaumu teknolojia nzuri kumbe shida ni mahali pa kufungia.

Dawa yake, hamisha angalau kituo kimoja kitoke kwenye mstari, kiingie vyumbani upande mmoja, na kama una uwezo weka na upande wa pili, kila tegi ionwe na vituo vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Nyaya za korido zinafungwa haraka nakubali, lakini kazi ya kufunga inafanyika mara moja na kutafuta pampu ni kila siku.

Angalia pia makabati ya chuma. Wimbi halipiti kwenye chuma, linagonga ukuta wa pembeni ndo lije, njia inakuwa ndefu kwa hiyo kifaa kinaonekana kiko mbali kuliko kilipo. Hata mwili wa mtu unanyonya haya mawimbi, kwa hiyo tegi iliyobandikwa chini nyuma ya kiti cha magurudumu itasumbua, ipandishe juu ya mpini.

Kuhusu manesi, waambie swali lao ni zuri. Marekani iliruhusu UWB mwaka 2002 kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, kwa sharti la nguvu ndogo mno, na kwa chaneli ya megahezi 500 wastani wake haufiki hata moja ya kumi ya miliwati. Simu ya mkononi inatoa nguvu nyingi zaidi ya hapo. Ila kwa mashine za wagonjwa usiishie kwenye maneno yangu, mafundi wa vifaa tiba wazijaribu na tegi zikiwa zimebandikwa.

Jambo jingine, si kila kitu kinahitaji sentimita. Mashuka na stendi za dripu ukijua tu ziko wodi gani inatosha, tegi za Bluetooth ni nafuu, zitakufaa. UWB iache kwa pampu, ambako ukuta mmoja tu unatenganisha mgonjwa huyu na yule.

Mkishahamisha vituo, chukua tepu ya kupimia, weka tegi moja sehemu kama kumi unazozijua, pembeni ya kila kitanda na nyuma ya kila kabati, uandike ramani inasema nini na tepu inasema nini. Pale zinapopishana sana ndipo kituo kinachofuata kikae. Niandikie tena ukishapima, nataka kujua kabati gani lilikuwa linakusumbua.