Maswali ya bima: kuumia sana hakutoshi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu walioumia barabarani, kazini au jikoni, wakakimbilia bima ya magonjwa makubwa (ile inayolipa kiasi kimoja kwa mkupuo ukipatwa na jambo lililotajwa kwenye mkataba), wakarudi mikono mitupu. Nimeokota machache. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu.

Nina bima ya magonjwa makubwa, mwaka wa tatu sasa. Nimegongwa na bodaboda, paja likavunjika, nikawekewa vyuma na kulala wodini wiki tano. Kampuni inasema sistahili. Huu si wizi? (Kahama)

Si wizi. Bima hii ilianzia Afrika Kusini mwaka 1983, na aliyeibuni ni daktari mpasuaji wa moyo, Marius Barnard, baada ya kuona wagonjwa wanapona halafu wanafilisika. Orodha ya kwanza ilikuwa na mambo manne: mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani na upasuaji wa mishipa ya moyo. Hapo hapakuwa na mfupa hata mmoja. Siku hizi orodha ni ndefu zaidi, ila utaratibu haujabadilika: tukio liwe limetajwa kwa jina, na hali yako ifikie kipimo kilichoandikwa chini ya jina hilo. Paja, hata likivunjika vipande vitatu, huunga. Vyuma havihesabiwi, hogo halihesabiwi, na wiki tano za wodini hazihesabiwi.

Ulichokihitaji ni bima ya ajali binafsi. Hiyo ina jedwali la viungo na asilimia zake, na nyingi huongeza malipo ya kila wiki ukiwa huwezi kufanya kazi pamoja na sehemu ya gharama za matibabu. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko hiyo unayolipa. Lakini mawakala hawaitaji sana, na sababu unaweza kuikisia.

Hujauliza, ila nakwambia: pikipiki iliyokugonga inatakiwa kuwa na bima ndogo, yaani ile inayomlipa mtu mwingine aliyeumizwa na chombo. Chukua namba yake ya usajili, hakiki stika kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima Tanzania, kisha dai fidia kwa kampuni iliyoikatia bima, ukiwa na taarifa ya polisi inayoonyesha kosa ni la nani. Watu wanaiacha pesa hiyo huku wakigombana na kampuni isiyodaiwa.

Je, mbavu mbili zikivunjika? (Wanne wameuliza)

Soma jibu la juu. Bega, taya, nyonga na kifundo cha mguu, jibu ni hilohilo.

Mke wangu aliungua na mafuta ya kukaangia maandazi, mkono wote wa kulia na sehemu ya mbele ya paja. Wakala alisema moto umo kwenye bima. (Tanga)

Umo, ila kwa kipimo. Mikataba mingi inataka moto wa daraja la tatu uliochoma asilimia 20 au zaidi ya ngozi ya mwili. Madai mengi hayafiki hata kwenye asilimia, hufia kwenye daraja.

Daraja la tatu ni pale ngozi inapoungua unene wote. Kidonda huwa kikavu, kigumu kama ngozi ya ngoma, cheupe au cheusi, na ukikigusa mgonjwa hasikii kitu kwa sababu neva nazo zimeungua. Malengelenge yenye maji, yale yanayomliza mtu usiku kucha, ni daraja la pili. Hayo hayamo hata yakifunika mgongo mzima.

Asilimia kwa mtu mzima huhesabiwa hivi: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo pamoja na makalio 18, sehemu za siri 1. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama 1. Maana yake mguu mzima, kuanzia kinena hadi kidole gumba, ukiungua wote daraja la tatu ni 18. Haujafika. Mkono wa mkeo ni 9, ongeza paja kwa mbele, bado mko mbali. Ipo mikataba inayolipa sehemu ya kiasi cha bima kwa asilimia ndogo zaidi, basi tazama kama wenu una kipengele hicho. Kwa mtoto, daktari atumie chati ya watoto: kichwa cha mtoto mchanga peke yake hukaribia 18, na miguu hupungua.

Ripoti isemayo "majeraha makubwa ya moto" haimsaidii mtu. Daktari aandike daraja, aandike asilimia, achore mchoro wa mwili. Na vipimo virudiwe baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa kidonda cha moto huweza kuzama zaidi ya kilivyoonekana siku ya kwanza.

Kaka yangu aliumia kichwa kwenye ajali ya basi. Leo siku ya sita yuko kwenye mashine ya kupumulia, hajitambui. Tupeleke madai sasa? (Mbeya)

Taarifa pelekeni leo. Madai yenyewe yana wakati wake, na hapa ndipo familia nyingi zinajikwaa.

Kuna vipengele viwili tofauti. Cha kwanza ni koma: kwa kawaida saa 96 mfululizo bila kuitikia chochote, akiwa kwenye mashine, na baadaye abaki na hitilafu ya kudumu ya ubongo. Kama madaktari wamemlaza kwa dawa ili ubongo upumzike, saa hizo kampuni nyingi hazizihesabu. Muulizeni daktari dawa ya usingizi ilianza lini na ilisimamishwa lini, na tarehe hizo ziingie kwenye faili.

Cha pili ni jeraha kubwa la kichwa. Hapa mikataba mingi hupima miezi mitatu au zaidi baada ya ajali, ikiangalia kama mgonjwa ameshindwa kufanya mwenyewe mambo matatu kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, na kutembea ndani ya nyumba. Ukipeleka fomu wiki ya tatu na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, utakataliwa, na barua ya kukataliwa ikishaandikwa kazi inakuwa mara mbili. Hifadhini siti skani (CT scan) ya kichwa ya siku ya kwanza, picha zenyewe pamoja na majibu yaliyoandikwa.

Nimekata bima mwezi uliopita, wiki hii nimepata ajali. Wananiambia kuna siku 90 za kusubiri.

Mikataba mingi huondoa muda wa kusubiri kwa tukio lililosababishwa na ajali. Waombe wakuonyeshe kifungu. Ila zipo pia siku za kuishi, mara nyingi 14 hadi 30 baada ya tukio. Mgonjwa akifariki kabla hazijaisha, kipengele cha magonjwa makubwa hakilipi, na familia iangalie kama kuna bima ya maisha.

Nimepofuka jicho moja kwa cheche za kuchomelea. Nitalipwa?

Kwa kipengele cha upofu, hapana. Kipimo ni macho yote mawili, kwa kawaida 3/60 au chini ya hapo hata ukivaa miwani, yaani unaona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Jicho moja lipo kwenye jedwali la ajali binafsi. Na kama ilikuwa kazini, soma swali linalofuata.

Nimekatwa vidole na mashine kiwandani. Mwajiri anasema nitumie bima yangu. (Morogoro)

Mwajiri anajua anachokifanya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Senti ya mshahara wako haitakiwi kukatwa. Mfuko unagharamia matibabu na unalipa fidia ya ulemavu. Mpe taarifa mwajiri kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri, na akijivuta nenda ofisi ya WCF mwenyewe. Usingoje upone ndipo uanze kufuatilia.

Kuhusu bima yako, vidole havitoshi. Kipengele cha viungo huanzia kifundo cha mkono au cha mguu, na mikataba mingi inataka viungo viwili.

NHIF, bima ya afya ya taifa, imeshalipa hospitali yote. Bima ya magonjwa makubwa itakataa kwa sababu hiyo?

Haitakiwi. Hii hulipa kiasi kilichoandikwa kwa mkupuo, haifidii risiti.

Sikuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, siku ile. Nimeharibu?

Umejipa kazi. Hospitali humtibu kwanza mwenye hali mbaya, fomu ikafuata, basi ndugu aende kituo cha polisi siku hiyohiyo. PF3 ya wiki mbili baadaye itaulizwa maswali. Tazama pia daktari wa zamu ameandika nini kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, maana maneno "ananuka pombe" yanatosha kuamsha kifungu cha kilevi hata kama wewe ulikuwa abiria.

Nimekataliwa na naamini wamekosea. Niende wapi?

Kwanza iandikie kampuni, uombe namba ya kifungu walichokitumia. Wasipokuridhisha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Beba mkataba kamili, si kile kikaratasi cha matangazo, pamoja na fomu ya maombi uliyoijaza mwanzo, barua ya kukataliwa na ripoti ya daktari bingwa yenye vipimo. Kama kwenye fomu ya maombi ulificha presha au kisukari, jiandae, wataanza na hicho kabla ya jeraha lako.