Machungwa na malimau katika chumba kimoja cha baridi: madoa na ukungu vinatoka wapi

Ndugu, umeeleza kwamba machungwa na malimau uliyonunua Muheza uliyahifadhi pamoja kwa nyuzi 3, na baada ya wiki chache malimau yakatoka madoa ya kahawia yaliyobonyea huku machungwa yakiota ukungu wa kijani, nawe unashuku mashine. Nimesimamia kwa miaka kadhaa chumba cha baridi Mombasa kilichopokea mizigo kutoka huko huko Muheza, na sioni sababu ya kuishuku mashine yako, kwani hayo ni matatizo mawili yasiyohusiana.

Malimau yameumizwa na baridi yenyewe. Chungwa aina ya Valencia huvumilia nyuzi 3 hadi 8, lakini limau likikaa wiki kadhaa chini ya nyuzi 10 ganda lake huharibika, na mara nyingi madoa huonekana vizuri zaidi likishatolewa nje. Kuchagua nyuzi 6 au 7 ili kuyaridhisha yote mawili hakusaidii, kwa sababu malimau bado yataumia, ila taratibu. Kama una chumba kimoja tu, hifadhi machungwa na uuze malimau mapema.

Ukungu, kwa upande wake, ulitoka shambani. Vimelea vyake, Penicillium digitatum, haviingii kwenye ganda zima. Huingia penye jeraha, hata la ukucha, na baridi huvipunguzia kasi bila kuviua. Machungwa mengi huvutwa kwa mkono au huangushwa, kisha humwagwa ndani ya lori bila kreti na vijana wakayakanyaga wakiyasawazisha, kwa hiyo hufika yakiwa na majeraha usiyoyaona. Mtake mkulima akate kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi, apange katika kreti, na asianze kuchuma kabla umande haujakauka, kwa kuwa wakati huo ganda limejaa maji na vifuko vyake vya mafuta hupasuka kirahisi, nayo mafuta hayo huliunguza. Wachumaji wanaolipwa kwa idadi hawapendi kusubiri jua, hivyo waongeze malipo. Kwa maoni yangu fedha hiyo huokoa matunda mengi kuliko dawa yoyote.

Ukiyaosha, tambua kwamba unaondoa nta yake ya asili, hivyo yatasinyaa haraka yasipopakwa nta nyingine. Unyevu wa chumba uwe asilimia 90 hadi 95, na kreti ziachiane nafasi ili hewa ipite. Usiweke humo ndizi wala maembe, maana gesi ya ethilini yanayotoa hulegeza vikonyo, na uozo huingilia hapo. Kreti yenye tunda lililoota ukungu itolewe kwa uangalifu na kufunguliwa nje, kwani vumbi la kijani la tunda hilo likitimka ndani hutua kwenye matunda mengine.

Usiyahifadhi pia machungwa machanga kwa matumaini kwamba yataiva humo, kwa kuwa chungwa haliendelei kuiva likishachumwa. Rangi ya ganda isikudanganye: usiku wa pwani una joto, na chungwa lililokomaa hubaki kijani. Onja kabla ya kununua.

Siku ya kupeleka sokoni, pandisha joto la chumba hatua kwa hatua kuanzia jana yake, ili matunda yasitoke jasho yakikutana na hewa ya nje.