Kisukari ughaibuni: maswali yenu

Nimehamia Minneapolis. Kliniki ya Mwanza sukari yangu ilikuwa 7 au 8, mashine niliyopewa huku inasoma 140. Hali imekuwa mbaya?

Hapana, dada. Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18: hiyo 140 ni 7.8, ile ile ya Mwanza. Usiongeze dawa kwa kushtushwa na tarakimu.

Kaka alitibiwa India, amerudi Mombasa na sindano za huko. Azitumie na insulini ya hapa?

Asiguse kabla hamjasoma maandishi. India bado kuna insulini ya uniti 40 kwa mililita, na sindano zake, za kifuniko chekundu, zimechorwa kwa hiyo tu. Ya hapa kwa kawaida ni ya uniti 100, sindano yake ina kifuniko cha rangi ya chungwa. Akivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40 hadi mstari wa 20, amejidunga uniti 50! Dozi hiyo inaweza kushusha sukari mno na kumuua usingizini. Na akivuta ya 40 kwa sindano ya 100, mstari huo huo unampa uniti 8. Sukari inapanda, naye anaamini kajitibu. Namba ya chupa na ya sindano lazima zifanane. Katika barua zote za leo, hii ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Tafadhali mpigie kaka leo.

Mama anakuja Toronto kutoka Dar. Insulini aiweke wapi?

Kwenye mkoba anaoingia nao ndani ya ndege. Kwenye begi la chini inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Abebe mara mbili ya mahitaji yake, pamoja na barua ya daktari. Insulini ya wakati wa chakula asijidunge kabla sahani haijafika mbele yake. Siku yake itarefuka kwa saa 7 au 8, hivyo daktari ampangie saa za sindano kabla hajaondoka.

Nafanya kazi za ndani Muscat. Bosi akijua nina kisukari naogopa atanirudisha. Nifiche?

Hofu yako ina msingi, mdogo wangu, na sikulazimishi kumwambia bosi. Chupa ya insulini unayotumia hukaa nje ya friji takriban wiki 4 chini ya nyuzi 30, basi iweke chumba chenye kiyoyozi, kamwe si kwenye gari. Ila mtu mmoja wa karibu lazima ajue, hata kama ni mpishi au dereva. Mfundishe: ukitoka jasho, ukitetemeka au ukianza kuongea ovyo, sukari imeshuka mno, akupe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Ukizimia, asikutie kitu mdomoni, apige 9999, namba ya dharura ya Oman.