Mzee amepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo: fMRI itaonyesha nini hasa?

Mkuu wa Mikindani, nimekusoma. Mzee ana miezi mitatu tangu kiharusi, Kiswahili kimebaki maneno ya kuokoteza, Kimakonde kinatoka kidogo, na umesikia ipo MRI, iitwayo fMRI, inayoonyesha kama lugha "imehamia" kutoka kushoto kwenda kulia mwa ubongo. Unauliza kama safari ya Dar ina maana.

Kwanza, fMRI haipigi picha ya lugha, inapima damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayotumia, na sumaku ya mashine huiona tofauti hiyo. Tofauti yenyewe ni ndogo, asilimia chache tu, na kilele chake huja sekunde 5 au 6 baada ya neno. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kazi sekunde 30, kisha sekunde 30 za kulinganishia, mizunguko mitano au sita. Kichwa kikisogea milimita 3, ambayo ni karibu upana wa chembe moja ya picha, zamu hiyo imeharibika. Ndiyo maana huwekewa sponji pande zote mbili na kuambiwa ajibu kimoyomoyo.

Hapo kwenye kimoyomoyo ndipo vipimo vingi hufia. Mwenye afasia, yaani aliyepotewa na lugha kwa kuumia ubongo, akishindwa swali, picha hutoka tupu, na ripoti huandika "hakuna shughuli" kana kwamba ubongo umekufa. Kazi ijaribiwe nje ya mashine kwanza, kwa sauti. Akikosa zaidi ya nusu, irahisishwe. Kazi iliyozoeleka ni kusikia jina la kitu na kutaja kinachofanywa nacho: jembe, kulima, korosho, kubangua, wavu, kuvua. Maneno yatoke kwenye maisha yake. Orodha za kutafsiriwa huja na koleo la theluji, mzee wa Mikindani atalijulia wapi? Kama hasomi, apewe sauti kwenye hedifoni, si maandishi. Na kwenye zile sekunde za kulinganishia asiachwe kimya, asikilizishwe sauti iliyochezwa kinyumenyume, ili kazi ya masikio ijitoe kwenye hesabu na ibaki ya lugha.

Kiswahili na Kimakonde viwe na zamu mbili tofauti, kwa vitu vilevile. Lugha mbili za mtu mmoja si lazima zirudi kwa kasi moja. Jihadharini na majaribio ya upatanisho wa kisarufi, mfano "kitabu kimeanguka" dhidi ya "kitabu imeanguka". Wapo wazima kabisa wanaosema la pili kila siku. Waulizeni ndugu alikuwa akizungumzaje kabla ya kuugua, la sivyo mtahesabu mazoea kuwa ugonjwa.

Sasa namba utakayoletewa. Wanachukua shughuli ya kushoto, wanatoa ya kulia, wanagawa kwa jumla ya zote mbili. Kwa kawaida zaidi ya 0.2 husomwa kuwa kushoto, chini ya -0.2 kulia, katikati ni pande zote. Namba hiyo hubadilika kulingana na kizingiti alichochagua msomaji wa picha, yaani ishara iwe na nguvu kiasi gani ndipo ihesabiwe, kwa hiyo ombeni ihesabiwe kwa vizingiti kadhaa. Ikiruka kutoka kushoto hadi kulia, haina uzito.

Mtego mkubwa zaidi ni mshipa wa shingo. Baadhi ya wenye kiharusi wana mshipa uliobana, damu huchelewa, na upande wa kushoto huonekana umelala ilhali unafanya kazi. Njia ya kuugundua ni nyepesi: ndani ya mashine abane pumzi kama sekunde 15, apumue, arudie mara kadhaa, maana kubana pumzi huongeza damu ubongoni hata bila kazi ya lugha. Ishara ikipanda kulia na kushoto isipande, tatizo ni bomba, si lugha.

Halafu muda. Mwaka 2006 Dorothee Saur na wenzake, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 14: siku za mwanzo shughuli ilikuwa hafifu, kwenye wiki ya pili ikapanda sana hata kulia, karibu mwaka ikarudi zaidi kushoto, na usemi ukiwa bora. Kwa mtu mzima, kulia kuwaka kunaweza kuwa kituo cha njiani. Mtoto aliyeumia karibu na kuzaliwa ni habari nyingine, huyo lugha inaweza kuhamia kulia na akaongea vizuri.

Mashine ni sumaku kali, kwa hiyo chuma msikifiche. Kama mzee amewahi kuchomelea vyuma, au baruti ya samaki imewahi kumlipukia, semeni mapema apigwe eksirei ya macho kwanza. Betri ya moyo itajwe. Hirizi ivuliwe, nyingine zina bati ndani.

Kwa maoni yangu msiende kwa ajili ya fMRI. Hospitalini hutumika zaidi kabla ya upasuaji wa uvimbe au kifafa. Kwa kiharusi bado ni ya utafiti, na tiba ya mzee haitabadilika kwa picha hiyo. CT au MRI ya kawaida pamoja na ultrasaundi ya mishipa ya shingo vitawafaa zaidi, na fedha inayobaki iende kwa mtaalamu wa usemi, lugha zote mbili. Mkishikilia, pigeni simu kabla ya kukata tiketi: nani anaandaa maneno ya Kimakonde, na nani anasoma matokeo? Mkijibiwa tu kwamba "mashine ipo", bakini Mikindani.