Miwani Nyeusi Peke Yake Haikulindi Mlimani

Msomaji wa hapa Moshi ameniandikia: "Kaka, napanda Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba na wenzangu wa ofisini. Hii miwani nyeusi ya elfu tano ya pale soko la Memorial itanitosha?" Swali zuri, na limenigusa penye kidonda.

Mimi nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya wageni njia ya Marangu. Mgeni mmoja, mwalimu wa fizikia, aliniachia miwani yake tulipoagana getini. Safari iliyofuata nikaivaa, basi kiongozi wetu akapata kichekesho: "Jamani, huyu naye kawa mzungu!" Wenzangu wakaangua kicheko. Nikaivaa hivyohivyo hadi kileleni. Jioni tumeshashuka kambi ya Horombo, yule kiongozi anasugua macho, anaapa kuna mtu kammwagia mchanga. Machozi yanamtiririka, tochi ikiwashwa anageukia ukutani. Asubuhi tulimshika mkono kumteremsha. Macho yalipona baada ya siku mbili hivi. Samahani sijaisikia mpaka leo, na sasa naongoza misafara yangu mwenyewe.

Kilichomuunguza hakikuonekana. Mwanga tunaouona ni kipande chembamba tu cha mawimbi ya sumakuumeme. Yote, hata ya redio, husafiri angani kwa kasi ileile ya kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Yanachotofautiana ni urefu wa wimbi. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa kama mita 3. Jicho linashika kuanzia nanomita 700 hivi, ambako ni wekundu, na kuishia karibu na 400, kwenye urujuani. Nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni! Chini ya 400 ndiko iliko miale ya UV ya jua, yaani urujuanimno, na hiyo ndiyo iliyomuunguza kiongozi wetu. Mjerumani Johann Ritter aliigundua mwaka 1801, alipoona kloridi ya fedha inageuka nyeusi haraka zaidi pale kando ya urujuani, mahali ambapo macho hayaoni mwanga wowote.

Sasa rudi kwenye miwani. Weusi wa kioo unapunguza mwanga unaouona. Mboni inadhani kuna giza, inapanuka, na kama kioo hakizuii UV, miale hiyo inaingia mingi zaidi. Kwa hiyo tafuta iliyoandikwa UV400, yaani inazuia mpaka nanomita 400. Na kwa kuwa stika hata mimi naweza kubandika, ipeleke duka la miwani lenye kipimo cha UV. Nasema tena: angalia UV400, achana na weusi.

Usidanganywe na mawingu, UV hupenya. Kila ukipanda mita 1,000 inaongezeka kwa kama asilimia 10, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Theluji mpya nayo hurudisha mpaka asilimia 80, kwa hiyo unapigwa kutoka chini pia. Chagua inayoziba pembeni.

Kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele, mnaondoka usiku wa manane, na hapo ndipo wengi huiacha miwani kwenye begi kubwa. Iweke mfuko wa koti, jua litawakuta Gilman's, juu karibu na kilele. Nanyi wenye kampuni, mnanunua mahema mapya kila msimu. Mgumu anayepanda na wageni wenu hadi kileleni naye ana macho, mnunulieni.