Jibu: Mchezo wa watu watano usiku wa Jumamosi

Ndugu yangu, umeuliza kama bao peke yake litawatosha marafiki watano wanaokutana nyumbani kwako Ngamiani, Tanga, kila Jumamosi baada ya Isha. Kwa idadi hiyo halitoshi, kwa sababu bao ni la wawili na haliendi mbio: kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, hunamua, yaani huingiza ubaoni, zile za mkononi moja moja mpaka ziishe, ndipo mtaji uanze, yaani hatua ya kucheza kwa kete za ubaoni tu, na wale watatu waliobaki watakuwa wamekwisha kuhamia kwenye simu zao. Mimi ningetanguliza dhumna, ambayo vipande vyake 28 hugawiwa watu wanne, saba kwa kila mmoja, wakicheza wawili wawili. Wa tano aandike alama, kisha achukue nafasi ya mmoja wa walioshindwa. Tandikeni kitambaa kizito mezani, maana majirani nao wana haki ya kulala, na dhumna isiyobamizwa sijapata kuiona. Bao liwekeni barazani kwa watakaowahi kufika. Keramu nayo inafaa, ila inataka taa iliyoning'inia katikati ya ubao na poda ya kutosha.